Bunduki ya Pili ya Baba

Baba yangu alikuwa na bunduki moja tu maisha yake yote. Naanza na hilo kwa sababu kuna wiki moja, mimi nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, polisi wa Mbeya waliamini kwamba anazo mbili, na ilipofika Alhamisi ya wiki hiyo hata yeye mwenyewe alikuwa ameshaamini. Aliyejua kwamba ni moja nilikuwa mimi, na mimi nilinyamaza. Sasa nimezeeka, wenye habari wamekwisha, na sioni tena mtu wa kumwogopa.

Ilikuwa bunduki ya marisau, ya mtutu mmoja. Baba aliinunua Iringa, miaka ya hamsini ikiwa ndiyo inaanza, kwa Mzungu wa shamba la tumbaku aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, na kibali akakatiwa boma la huko huko. Halafu tukahamia Mbeya, upande wa Uyole, kufuata udongo. Udongo tuliupata, na nguruwe pori tukawapata, na nyani pia, wale wanaojua mahindi yamekomaa kabla mwenye shamba hajajua. Kwa hiyo bunduki haikuwa pambo. Mwaka ambao baba aliumwa mguu asiweze kulinda shamba, tulikula viazi mpaka nikachukia kuviona.

Sisi tulikuwa Wahehe tuliojipenyeza kati ya Wasafwa. Nyumbani tulisema Kihehe, sokoni Kisafwa cha kubahatisha, na Kiswahili tulimwekea mtu yeyote aliyevaa viatu. Aliyejua kusoma katika nyumba ile nilikuwa mimi tu. Baba alikuwa na akili kuwashinda wengi waliosoma, lakini maandishi kwake yalikuwa ukuta. Kila karatasi iliyoingia kwetu ililetwa mbele yangu, na nilichosema kimeandikwa, basi ndicho kilichoandikwa. Nami nilijisikia kweli kweli, sitaki kuficha. Wazee wa ukoo walipofunga safari kutoka Iringa kuja kumwambia kwamba msichana anayemaliza Darasa la Nne amesoma vya kutosha, sasa aozwe, baba aliwajibu kwamba huyu ndiye macho ya nyumba yake, na kwamba huyu hakosei. Nilikuwa nimeshapata nafasi ya Darasa la Tano katika shule ya bweni ya wasichana, niende Januari. Neno hilo la baba ndilo lililonishikia ile nafasi.

Baba aliitunza bunduki kwa namna yake. Ilikaa juu ya dari, imeviringishwa gunia lenye mafuta, mahali ambapo hata mimi niliambiwa tu, sikuonyeshwa. Risasi zilikaa kwenye kopo ndani ya kihenge, chini ya mahindi. Kibali kilikaa kwenye sanduku la nguo za mama, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu mchwa waliingia kwa chini wakala kibali, wakala na nusu ya kanga ya mama. Kilichobaki ni kipembe chenye nusu ya muhuri. Baba alikitazama kile kipembe siku nzima. Kupoteza karatasi ya serikali, kwake, kulikuwa karibu sawa na kumpiga kofi Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Hakwenda kusema bomani. Alinyamaza, akamwomba Mungu.

Nadhani Mungu alimsikia nusu. Mwaka huo huo Bwana Shauri aliitisha baraza. Bunduki zinaibwa, alisema, na karani akawa anatafsiri. Zinaishia kwa majangili na kwa watu wenye mambo yao. Kila mwenye bunduki aiweke ndani ya sanduku lenye kufuli. Aandike namba yake na alama zake zote kwenye karatasi, na karatasi ikae mbali na bunduki, mwizi asije akavipata vyote kwa mkupuo mmoja. Ikiibwa, mwenyewe afike polisi kabla jua halijachwa. Na kabla ya mwezi kuisha kila mmoja apeleke namba kwa karani, apewe kibali kipya. Namba tu. Bunduki zenyewe zibaki majumbani, maana hakutaka kukuta jeshi limejipanga mlangoni kwake. Watu walicheka, na baba alicheka kuliko wote. Alikuwa anapata kibali kipya bila kuulizwa cha zamani kiko wapi.

Alasiri hiyo hiyo akaiteremsha. Sasa hapa lazima niseme kwetu ilivyokuwa, la sivyo hamtaelewa. Mwanamke haigusi bunduki. Wala hapiti mbele ya mdomo wake, iwe na risasi, isiwe nayo. Ukiigusa inakufa, walisema. Itabaki kupiga kelele tu na haitaangusha kitu. Si baba aliyeyabuni hayo, na siku zile hata mimi niliyaamini. Baba alikaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, bunduki ameilaza mapajani tumbo juu, mdomo umeelekea mlangoni. Namba ilikuwa imegongwa kwenye chuma, pale mtutu unapokutana na mti, tarakimu tano peke yake bila herufi hata moja. Upande mmoja wa baba kulikuwa na mdomo wa bunduki, upande wa pili kulikuwa na mafiga na moto unawaka. Kwa hiyo nilichuchumaa mbele yake, tukatazamana, naye akafuta mafuta kwa kidole gumba akaniambia soma.

Nikasoma: nane, sifuri, sita, tisa, moja. Akaniambia rudia, nikarudia. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa kuringia, 80691, na chini yake nikaandika kwamba kitako kina ufa, na ufa umefungwa waya wa shaba. Siku ya pili yake baba akaipeleka karatasi bomani. Karani alinakili namba kwenye kibali kipya, akagonga muhuri, na tangu hapo namba yangu ikawa namba ya serikali.

Likafuata sanduku. Baba alimwagiza fundi seremala atengeneze refu, la mbao nzito, akanunua kufuli kubwa kwa Mhindi mmoja mwenye duka mjini, sanduku akaliweka chumbani kwake na bunduki ndani. Majirani walilizunguka wakasema ni jeneza la twiga. Mimi nasema hivi mpaka leo: juu ya dari hakuna aliyejua. Sanduku lenye kufuli lilimwambia kila aliyeingia kutusalimia kwamba hapa ndipo penye kitu. Jumapili moja ya mwisho wa kiangazi tulirudi kutoka kanisani tukakuta mlango umeng'olewa na sanduku halipo. Kufuli hawakujisumbua nalo. Walibeba lote.

Baba akafanya kama alivyoagizwa. Jua lilikuwa bado liko juu alipofika polisi Mbeya, vumbi mpaka magotini, kibali mkononi. Sajini akaandika 80691 kwenye kitabu chake. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, na alimsifu baba kwa kuwahi.

Zikapita wiki tatu, tukapata habari kwamba bunduki imeonekana Rujewa. Huko bondeni Usangu askari wa wanyama wa porini waliwakuta watu wanachuna nyama karibu na mashamba ya mpunga; wenyewe wakatimua mbio, bunduki wakaiacha. Jumatatu asubuhi baba akavaa koti lake la kanisani akaenda kuichukua. Alipouona ule waya wa shaba alitaka kuikumbatia, ndivyo alivyomwambia mama baadaye. Sajini akaigeuza, akasoma namba, akasoma kibali, akarudia kusoma namba. Kisha akamwambia baba akae chini.

Bunduki ile ilikuwa namba 16908.

Baba akasema ni yangu, waya huo nimeufunga kwa mikono yangu. Sajini akamwambia basi una bunduki isiyo na kibali, umekiri mwenyewe. Baba akaona hatari, akasema labda nimeifananisha. Sajini akamwonyesha ile karatasi yangu, iliyotolewa bomani, inayotaja ufa na waya, akamwambia sasa unaongopa. Ilikuwa hivyo. Akisema ni yake amejifunga, akisema si yake amejifunga. Wakamweka ndani, na mchana huo wakapeleka simu ya maandishi Iringa.

Baba aliingoja Iringa kwa matumaini, maana daftari la kule lilikuwa na jina lake. Jibu likaja Jumanne asubuhi, na kweli jina lilikuwamo: 16908, mtutu mmoja, mali yake. Lakini badala ya kumfungua, jibu lile likakaza kamba. Sasa serikali ilikuwa na vitabu viwili, cha Iringa kinasema 16908 na cha Mbeya kinasema 80691, na vyote vina jina la mtu mmoja. Maana yake bunduki mbili. Moja hii hapa mezani. Ya pili iko wapi, na nani anaitumia, kumfanyia nini nani? Walimwambia kwamba asipoitoa atakwenda jela, na si kwa miezi.

Mchana wa Jumanne mimi na mama tulifika na ugali na maharage. Sajini akaniita ndani, kwa sababu baba alikuwa amemwambia muulizeni mwanangu, ndiye aliyesoma. Wakamleta na yeye akasimama nyuma yangu, hana mkanda, hana viatu, koti la kanisani limekunjamana. Mimi nilisimama upande mmoja wa meza, sajini amekaa upande wa pili. Mbele yake palikuwa na karatasi aliyoandika namba zote mbili. Nami nilizoea kusoma chochote kilichokuwa mbele yangu, nikaisoma kutoka pale niliposimama: juu 80691, chini 16908. Sajini akaizungusha karatasi ili inielekee. Nikasoma tena: juu 80691, chini 16908.

Karatasi imepinduliwa, na hakuna kilichobadilika.

Sita ukiipindua ni tisa, na tisa ukiipindua ni sita. Nane haijali, sifuri haijali, na moja iliyoandikwa kwa mstari mtupu haijali pia. Niliona kigoda, nikaona mapaja ya baba, nikajiona nimechuchumaa mbele yake badala ya kukaa ubavuni kwake. Nilikuwa nimeisoma namba kichwa chini miguu juu. Hakukuwa na bunduki ya pili. Niliizaa mimi.

Sajini akaniuliza, kwa ile sauti yake ya upole, kama ni mimi niliyesoma, nikaitika. Akaniuliza kama nilisoma vizuri. Baba hakuningoja nijibu.

"Huyu hakosei," akasema.

Alisema kwa majivuno, mtu asiye na mkanda. Nami nikasema, "Nilisoma sawasawa."

Nimejiuliza miaka yote kwa nini. Niliogopa kufungwa, hilo moja. Nilidhani kuipa serikali namba isiyo yenyewe ni kesi. Niliwaogopa wazee wa ukoo, ambao wangesema tulikuambia, na Januari ingenipita hivi hivi nikiwa jikoni kwa mwanamume nisiyemjua. Lakini kilichonifunga mdomo hasa ni aibu, sina neno jingine. Baba amesimama pale anajivunia macho yangu, na macho yangu ndiyo yaliyomweka pale. Nilijiambia nitasema kesho.

Jumatano tukaenda, sikusema. Mama alitembea mbele na kikapu kichwani, na njia nzima aliniuliza kitu kimoja tu, kama naumwa koo, kwa sababu asubuhi hakuniona nikimeza chochote. Nikamwambia ndiyo, koo. Shuleni mwalimu aliniita nisome nikashindwa. Kila herufi niliyoitazama niliipindua kichwani kwanza, kuona kama itageuka. Nilizunguka na jambo lile kama mbuzi aliyefungwa kambani, nazunguka na kamba inazidi kufupika. Nikisema, shule ndiyo basi. Nisiposema, baba ndiyo basi. Na kila siku iliyopita iliongeza swali jingine, kwamba mbona hukusema jana.

Kumbe baba naye huko ndani alikuwa kazini, anafikiri. Hapa ndipo panaponichoma. Mtu mwingine angesema labda mtoto alikosea. Baba hakulifikiria hilo hata kidogo. Kwake namba niliyosoma ilikuwa kweli. Kwa hiyo bunduki aliyoipakata siku ile ilikuwa kweli 80691, kwa hiyo haikuwa ile yake ya Iringa, kwa hiyo kuna mtu alikuwa ameshambadilishia. Nani mwingine alipata kuishika? Mmoja tu. Mdogo wake wa tumbo moja, baba yangu mdogo, aliyelima mpunga Rujewa, na ambaye mwaka wa nyuma aliiazima wiki mbili kufukuza ngiri. Waya wa shaba mtu yeyote anaweza kuufunga. Na ile ya kweli imeokotwa wapi? Rujewa. Kila kitu kilikaa mahali pake. Alhamisi asubuhi baba akamwita sajini, akamtaja ndugu yake.

Mimi na mama tulipofika alikuwa ameshasema. Alitusimulia kupitia dirishani, kwa Kihehe, taratibu, huku machozi yanamtoka, na mimi sikuwa nimewahi kumwona baba analia, hata siku alipomzika mama yake. Alisema afadhali angeibiwa na mtu baki. Mama alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mimi nilishika nondo za dirisha, na neno lilikuwa mdomoni tayari. Nikafungua mdomo nikamwambia ale, ugali unapoa.

Ijumaa wakamleta baba mdogo kwa lori, na pingu, na nguo zake za shambani. Watu hawamjui, kwa hiyo niseme alivyokuwa. Yeye ndiye aliyekuwa akija na kilo za mchele na vituko, akikaa nyumba inajaa. Mimi aliniita mwalimu tangu nilipojua kuandika jina langu, na alinitania kwamba nikianza kufundisha atakuja kukaa dawati la mbele na ndevu zake. Walimweka chumba cha pili, ukuta mmoja na baba. Alikana kila kitu. Aligonga ukuta akamwita kaka yake, na kaka yake hakuitika.

Jumamosi nilimpelekea maji. Alimsalimia mama kamwene, kama kawaida yetu, kisha akanisogelea mimi mlangoni. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja, sikuuliza kwa nini.

"Mwalimu," akaniambia, "hii habari ya namba ikoje?"

Nikasema sijui, baba mdogo.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilisema koo. Nilikaa ndani mchana kutwa nikiandika 16908 majivuni kwa kijiti na kuifuta, mpaka mama aliporudi akakuta jivu lote limechorwa na hakuuliza. Mama hakujua kusoma, lakini alijua mtoto wake. Alichoniambia ni kwamba kesho twende mapema.

Jumatatu sajini alimweleza mama kwamba asubuhi inayofuata wote wawili wanapelekwa Iringa, kesi itasikilizwa huko liliko daftari la kwanza, na kwamba alete blanketi kama analo. Nilimwona mama anavyoitika kwa kichwa, polepole, anahesabu blanketi. Tulikuwa nalo moja. Nikasikia sauti yangu inamwomba sajini ile karatasi ya namba.

Akanipa, nadhani kwa kunihurumia tu. Nikaiweka mezani, nikamwambia asome. Akasoma. Nikaipindua, nikamwambia asome tena. Akasoma, akakunja uso, akaipindua mwenyewe. Nikamwambia, "Baba alikaa upande huo. Mimi nilichuchumaa upande huu."

Alikwenda kuitoa bunduki stoo, akailaza mezani, akasoma kutoka upande wake. Akazunguka meza, akasoma kutoka upande wangu. Akazunguka tena. Sajini mzima, na kofia yake, anazunguka meza. Kisha akamwita afisa wake wa Kizungu, naye akainamisha kichwa hivi, akakiinamisha vile, akacheka mpaka akajishika mbavu. Sajini hakucheka. Aliniuliza kwa nini sikuisogelea bunduki siku ile nikaisoma vizuri, nikamweleza. Yeye alikuwa mtu wa bara kama sisi, akaelewa, akaandika kwa muda mrefu.

Adhuhuri wakawatoa. Baba alitoka kwanza, mkanda mkononi. Baba mdogo akatoka nyuma yake, akasimama nje akikunjua mikono yake iliyokaa kwenye pingu. Baba alikuwa ameshaelezwa kila kitu. Alimwendea ndugu yake amenyoosha mikono yote miwili, akamwomba msamaha hapo hapo barabarani, watu wanapita. Alimwambia ilikuwa karatasi, karatasi ndiyo iliyosema.

Baba mdogo alimsikiliza mpaka akamaliza. Hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu.

"Huyu mtoto umemjua miaka kumi na mitatu, kaka," akasema. "Mimi umenijua tangu nazaliwa."

Akapanda lori lililokuwa linarudi Rujewa. Baba alibaki amenyoosha mikono yake mpaka mama alipomshika bega.

Njiani kurudi Uyole baba hakunigombeza, na nilitamani anigombeze. Tulipokaribia nyumbani akapunguza mwendo, akanisubiri, akaniuliza niligundua lini. Hakuuliza kwa ukali. Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho, na nilijua kwamba ni ya mwisho. Nikasema, "Leo, baba. Sajini alipoigeuza ile karatasi."

Akaniwekea mkono kichwani. Alisema nimefanya vema kusema pale pale. Na kuanzia siku ile ndivyo alivyosimulia, sokoni, kanisani, kwa wazee wa ukoo: mtoto aliona kosa lake na saa ile ile akalisema mbele ya polisi, wanaume wazima wangapi wangeweza? Wazee wakaiacha habari ya ndoa. Januari nikaenda shule ya bweni. Nimekuwa mwalimu kweli, nimefundisha watoto wa watu kusoma karibu miaka arobaini, na kila nilipoandika sita ubaoni nilijua ninachokiandika.

Baba alikwenda Rujewa mara tatu. Baba mdogo alimpokea kila mara, akamchinjia kuku, akamsindikiza hadi barabarani, akamwita mzee. Neno kaka hakulitamka tena. Mara ya nne baba alikwenda akakuta wameshamzika siku mbili nyuma, na hakuna aliyemletea habari. Bunduki alikuwa ameshaisalimisha bomani zamani, kwa hiari yake, na nyani wakala mahindi wanavyotaka.

Mwaka wake wa mwisho nilihamia kwake kumuuguza. Mchana mmoja namlisha uji, akaniambia kuna jambo moja linampa nafuu. Amelifikiri sana, akasema, na ameona hapakuwa na mtu wa kulizuia, kwa sababu yeye alimtaja mdogo wake Alhamisi, na mimi sikujua mpaka Jumatatu.

"Ungejua kabla ungesema," akasema.

Nikamfuta mdomo. Nikamwambia, "Ndiyo, baba."